Siku Moja Lisbon: Anzia Kwenye Dhahabu ya Kilwa

MASWALI YA WASOMAJI
Mwalimu wa Safari anajibu

Tangu tuutaje mji wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, barua hazijakatika, na safari hii mhariri ameniachia kurasa zote nizijibu. Niliishi katika mji huo miaka ya masomo yangu, katika chumba cha kupanga huko Graça, juu kabisa kilimani. Naupenda. Yapo pia mambo yake yanayonichoma moyo, na nitayasema yote mawili bila kuyaficha.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mwezi ujao nitapita Lisbon nikielekea kwingine. Ndege inatua saa moja asubuhi, inayofuata inaondoka saa nne usiku. Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ninayo. Binamu yangu ananishauri nipande basi la watalii lililo wazi juu nizungushwe mji mzima. Wewe wasemaje?*
Msafiri wa saa chache

Marahaba mwanangu. Kwanza hakikisha viza yako inakuruhusu kuingia siku hiyo na haibanwi na idadi ya kuingia. Mizigo mikubwa iache uwanjani, huduma ya kuihifadhi kwa malipo ipo. Jioni uwe umerudi saa moja, kwa sababu foleni ya pasipoti kwa wanaotoka nje ya Schengen huwa ndefu na haina huruma.

Basi la watalii usipande. Utaona kuta za nje za majengo ishirini, usikumbuke hata moja. Saa kumi ulizonazo zinatosha kuona mahali patatu vizuri, nami nakuchagulia: Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, kitongoji cha Belém, na magofu ya Carmo. Ombi langu moja tu: fuata mpangilio huohuo, na ya kwanza usiiache hata kama nyingine zitakushinda.

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji. Nunua kadi ya Navegante kwenye mashine ya metro na uijaze tiketi ya saa 24, itakufaa kwa metro, basi na tramu. Panda laini nyekundu hadi Alameda, badilisha uingie ya kijani, ushuke Cais do Sodré, ukingoni mwa mto Tejo. Utafika makumbusho hayajafunguliwa, hivyo kunywa kahawa ukiangalia vivuko vinavyoleta wafanyakazi kutoka ng'ambo. Makumbusho yako mtaa wa Janelas Verdes, mwendo wa miguu kutoka hapo, au kituo kimoja cha treni hadi Santos halafu ngazi. Hufungua saa nne asubuhi, na Jumatatu hufunga. Ndege yako ikitua Jumatatu, niandikie upya, maana mpango wote utabadilika.

Ukiingia, ulizia Custódia de Belém. Watu wengi huenda pale kwa ajili ya picha za Mtakatifu Vinsenti za mchoraji Nuno Gonçalves, au ile ya Bosch inayotisha, na wana haki. Lakini wewe ulizia Custódia. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea hostia takatifu ili waumini waiabudu. Ni ya dhahabu yenye nakshi za rangi, ina urefu wa zaidi ya sentimita 70, na imechongwa kama kanisa dogo lenye minara. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na uso wake na joho la rangi yake. Chini yao kuna tufe zilizofungwa pete, alama ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Inahesabiwa kuwa kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente, na ilikamilika mwaka 1506.

Sasa inama usome kitako chake. Pamezungushiwa maandishi ya Kireno yanayosema kwamba mfalme aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa. Quíloa ni Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim akubali kumtii mfalme wa Ureno na kumlipa dhahabu kila mwaka. Malipo ya kwanza alirudi nayo Lisbon mwaka 1503. Dhahabu ile ilikuwa imefika Kilwa kutoka bara kwa njia ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, kwa mikono ya wachimbaji, wachukuzi, mabaharia na wafanyabiashara ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mwaka 1505, Custódia ikiwa bado mikononi mwa mfua dhahabu, jemadari Mreno Francisco de Almeida alikwenda na kundi kubwa zaidi la merikebu, akauteka mji wa Kilwa, watu wake wakauteka nyara, na ngome ikajengwa.

Nilipokuwa naishi Lisbon nilikuwa nakwenda kuitazama siku za Jumapili. Walinzi walinizoea. Huwa nashangaa jinsi watu wanavyosimama hapo sekunde chache, wanapiga picha, wanaondoka, na hali ile ni dhahabu ya pwani yetu imewekwa ndani ya kioo na risiti yake imechorwa chini. Simama nusu saa. Zunguka pande zote. Tazama jinsi mwanga unavyobadilika juu ya mavazi ya mitume. Ni kazi nzuri kupita kiasi, na uzuri wake usikutie aibu kuusifu.

Kabla hujatoka, tafuta pia mapazia ya kukunja ya Kijapani yanayoonyesha Wareno wakishuka bandarini Japani. Angalia sura za mabaharia, utaona weusi miongoni mwao.

Toka, teremka barabara ya mtoni, panda tramu namba 15E hadi Belém. Pale kuna monasteri ya Jerónimos, ambayo Mfalme Manuel aliijenga kuanzia mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ushuru wa asilimia 5 uliotozwa kwenye biashara ya Afrika na Mashariki. Kwa hiyo ukitoka kwenye Custódia unaiendea nyumba yake, kwa sababu mfalme aliiachia monasteri hiyo chombo kile katika wasia wake. Nguzo za ndani ya kanisa ni nyembamba na zinatanuka juu kama minazi, nazo zilisimama imara hata siku ya tetemeko kubwa ambalo nalieleza katika barua inayofuata. Karibu na mlango wamelazwa watu wawili katika makaburi ya mawe yaliyochongwa karne ya 19: upande mmoja Vasco da Gama, upande wa pili mshairi Luís de Camões. Da Gama alifia Cochin, India, mwaka 1524. Foleni ya kuingilia ua wa ndani ni ndefu na jua huwa kali, hivyo nunua tiketi mapema mtandaoni.

Mnara wa Belém, uliokamilika karibu na mwaka 1519, utazame kwa nje, unatosha. Ukiwa na macho makali tafuta kichwa cha kifaru kilichochongwa chini ya kibanda cha mlinzi. Kifaru mwenyewe aliletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515 akawashangaza watu wa Ulaya nzima.

Kutoka hapo rudi katikati ya mji upande Carmo. Endelea kusoma barua zinazofuata, zinakuhusu.

*

*Mwalimu, nasoma historia chuoni. Nimeona picha za Lisbon nikastaajabu: mji unasemwa ni wa kale sana, lakini katikati yake mitaa imenyooka kwa rula kama mji uliopimwa jana. Mji wa kale uko wapi?*
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Swali lako linanifurahisha, maana ndilo ambalo mgeni anayetembea Baixa, ile tambarare ya katikati, anapaswa kujiuliza.

Mji wa kale ulianguka asubuhi moja. Ilikuwa tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, baada ya saa tatu na nusu. Makanisa yalikuwa yamejaa watu, na mishumaa inawaka kwenye kila altare. Ardhi ikatikisika kwa dakika kadhaa. Mapaa ya mawe yakawaangukia waumini. Waliookoka walikimbilia uwanda wa mtoni, mbali na kuta, na hapo maji yakajivuta, kisha yakarudi kama wimbi refu yakawafagia. Mishumaa na meko vikawasha moto uliounguza kwa siku kadhaa. Jumba la kifalme la Ribeira likaangamia pamoja na maktaba yake ya vitabu maelfu kwa maelfu, na jumba la opera lililokuwa limefunguliwa mwaka huohuo. Familia ya mfalme ilinusurika kwa kuwa ilikuwa Belém. Mfalme José tangu siku hiyo aliogopa kulala chini ya dari la mawe, akahamia makazi ya mahema na mbao huko Ajuda.

Aliyeujenga upya mji ni waziri wake, anayejulikana leo kama Marquês de Pombal, akiwa na wahandisi Manuel da Maia, Eugénio dos Santos na Carlos Mardel. Hawakurudisha vichochoro. Walichora mitaa iliyonyooka, wakaigawa kwa kazi: mtaa wa dhahabu, mtaa wa fedha, mtaa wa washona viatu. Majina hayo bado yako ukutani. Ndani ya kuta za nyumba waliweka kizimba cha mbao zilizokingamana, ili ardhi ikitikisika nyumba iyumbe bila kuanguka, na inasimuliwa kwamba walikijaribu kwa kuwapigisha wanajeshi kwata kukizunguka. Pombal pia alipeleka maswali katika kila parokia ya nchi: mtetemeko ulidumu muda gani, maji ya visima yalifanya nini, wangapi walikufa. Wataalamu wa matetemeko wanayahesabu maswali yale miongoni mwa mizizi ya elimu yao.

Ukitaka kuuona mji wa kale, yako mahali pawili. Mtaa wa Alfama, uliojengwa juu ya mwamba, uliokoka kwa sehemu kubwa, na vichochoro vyake bado vinajipinda kama vilivyokuwa. Halafu uende kanisa la Santa Luzia, pembeni ya uwanja wenye mandhari ya mto. Kwenye ukuta wake wa nje kuna picha ya vigae vya buluu inayoonyesha uwanja wa kifalme kabla ya tetemeko, jumba la Ribeira likiwa bado limesimama. Itazame vizuri, kisha shuka kwa miguu hadi Praça do Comércio, uwanja uleule. Wenyeji wanauita Terreiro do Paço mpaka leo, yaani uwanja wa ikulu, ingawa ikulu haipo kwa zaidi ya miaka 250.

Na Carmo, ndugu msafiri wa barua ya kwanza! Kanisa la watawa lililoanzishwa mwaka 1389 na jemadari Nuno Álvares Pereira. Paa lake lilianguka siku ile, likaanza kujengwa upya, kisha wakaliacha hivyo. Unaingia, unatembea katikati ya nguzo, na juu yako ni matao ya mawe na anga tupu. Mimi sijaona mahali palipotunza maafa kwa heshima kubwa namna ile. Mwisho wa jengo kuna makumbusho madogo ya mambo ya kale, lakini wewe kaa tu kwenye ngazi.

*

*Shikamoo. Mama yangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Nimesikia Lisbon ni vilima vitupu, na kwamba tramu namba 28 ndiyo dawa. Ni kweli?*
Binti yake

Marahaba binti yangu, na umsalimie sana mama.

Vilima ni kweli. Na njia za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinang'aa. Mvua ikinyesha, vinateleza vibaya. Mama avae viatu vya soli ya mpira yenye meno, na ashike mkono wako penye mteremko.

Tramu 28 ni nzuri kuitazama. Mabehewa yake ya njano ni ya miaka ya 1930, ya mbao ndani, yanapita vichochoro vyembamba mpaka unaweza kugusa kuta. Lakini mchana husongamana, mtu husimama njia nzima, na vibaka wanaijua kuliko dereva. Ukitaka mama aipande, mpeleke Martim Moniz inapoanzia, asubuhi kabla ya saa mbili, apate kiti. Mkoba auweke mapajani.

Kwa kupanda upande wa ngome ya São Jorge kuna njia ambayo wageni wengi hawaijui: lifti ya umma ya bure, ndani ya jengo la mtaa wa Fanqueiros kule Baixa. Ukitoka juu, tembea kidogo, utaikuta lifti nyingine inayokupandisha tena. Mama atafika karibu na ngome bila kukunja goti. Vile vigari vya kupandia mteremko msivitegemee. Kile cha Glória kiliacha reli tarehe 3 Septemba 2025 wakafariki watu 16, na baada ya hapo vingine vilisimamishwa vikaguliwe. Ulizeni hotelini kipi kimerudi. Ulizeni pia kuhusu lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902. Hata isipofanya kazi, ukitokea uwanja wa Carmo unaweza kuiona kutoka ubavuni, bila foleni na bila kupanda chochote.

*

*Mimi na mume wangu ni Waislamu. Chakula na mahali pa kuswali tutapata?*
Mke wa msafiri

Mtapata, dada yangu. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha, na wengi wa waliouanzisha walitoka Msumbiji. Kwa chakula, nendeni Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, ambako wenyeji wa Bangladesh wana migahawa ya halali iliyopangana. Mtaa ule uko Mouraria, walikokaa Waislamu wa mji baada ya Mfalme Afonso Henriques kuuteka mwaka 1147.

Kwenye migahawa ya Kireno mko salama kwa samaki: sadini wa kuchoma, na bacalhau, yaani ng'onda wa chewa, anayepikwa kwa namna nyingi kuliko mnavyoweza kudhani. Bifana ni mkate wa nyama ya nguruwe, na supu ya kijani iitwayo caldo verde hutiwa soseji ya nguruwe. Vile vitobosha vya maziwa na mayai vinavyouzwa Belém tangu mwaka 1837 ni vitamu mno, ila ulizeni vimekandwa kwa mafuta gani, kwa sababu kila duka lina desturi yake.

Jambo moja zaidi. Mkikaa mezani mtaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi. Mkila mtalipia, msipogusa hamlipi. Sukumeni pembeni kwa adabu mkipenda.

*

*Mwalimu, sisi wa umri wetu tulikulia kwenye habari za ukombozi wa Msumbiji na Angola. Je, Lisbon kuna mahali mtu anaweza kuona ukoloni ule ulipofia?*
Mzee mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Papo, na ni hapohapo Carmo, nje ya mlango wa magofu.

Tarehe 25 Aprili 1974, maofisa vijana wa jeshi waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji waliuangusha utawala uliokuwa umeishika Ureno kwa miaka 48. Ishara yao ilikuwa wimbo uliopigwa redioni usiku wa manane. Kapteni Salgueiro Maia aliongoza msafara wa magari ya kivita kutoka Santarém hadi Terreiro do Paço, kisha akapanda Carmo, ambako waziri mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejificha ndani ya kambi ya walinzi wa jamhuri. Uwanja ule mdogo wenye miti ulijaa watu hadi juu ya miti yenyewe. Jioni Caetano akakabidhi madaraka. Simama katikati ya uwanja, tazama mlango wa kambi, utashangaa ulivyo mdogo mahali hapo.

Na yale maua? Bibi mmoja, Celeste Caeiro, alikuwa mfanyakazi wa mgahawa uliokuwa unatimiza mwaka mmoja siku hiyo. Mwenyewe akaufunga kwa sababu ya mapinduzi, akawaambia wafanyakazi wajichukulie maua yaliyonunuliwa kwa sherehe. Celeste akatoka na mikarafuu yake, askari mmoja akamwomba sigara, naye hakuwa nayo. Akampa ua. Askari akalichomeka kwenye mdomo wa bunduki.

Damu hata hivyo ilimwagika: polisi wa siri, PIDE, walifyatua risasi kutoka makao yao mtaa wa António Maria Cardoso, wakaua watu wanne. Kutoka Carmo ni dakika chache kwa miguu. Ukimaliza hapo, teremka Baixa, upande tena kidogo hadi Aljube, jirani na kanisa kuu. Ilikuwa jela ya kisiasa, na tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya upinzani na uhuru. Utaona vyumba walivyofungiwa watu, vyembamba kiasi kwamba kitanda kilikuwa ndiyo chumba. Sehemu ya maonyesho inahusu vita vya makoloni.

Na ukiwa na nguvu bado, kuna mtaa wa Duque d'Ávila, upande wa Arco do Cego. Hapo palikuwa na Nyumba ya Wanafunzi wa Himaya, iliyofunguliwa mwaka 1944 kwa ajili ya vijana waliotoka makoloni kuja kusoma. Serikali ilitegemea wataipenda himaya. Wakakutana pale akina Amílcar Cabral, Agostinho Neto na Marcelino dos Santos, walioongoza baadaye mapambano ya ukombozi. Nyumba ilifungwa mwaka 1965, na miaka kumi baadaye, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ilikuwa huru.

*

*Nimesoma makala zenu zilizopita na nimeudhika. Mji huo ulijengwa kwa jasho letu. Kwa nini tupeleke pesa zetu kwa walioturarua, tukasimame mbele ya kaburi la Vasco da Gama kama mahujaji?*
Msomaji mwenye hasira

Ndugu yangu, hasira yako naiheshimu, na sitakushawishi uende. Lakini naomba unisikilize kwa nini mimi nakwenda.

Ukingoni mwa mto pale Belém kuna Mnara wa Uvumbuzi, wa saruji na mawe, uliosimamishwa mwaka 1960, miaka 500 baada ya kifo cha Mwanamfalme Henrique, mfadhili wa safari za baharini za Wareno. Una sanamu 33 zinazopanda kuelekea majini: wafalme, mapadri, manahodha, wachora ramani. Mwanamke ni mmoja. Rubani ambaye mtawala wa Malindi alimpa da Gama mwaka 1498, akamvusha Bahari ya Hindi hadi Calicut, India, hayupo. Nikisimama mbele ya sanamu zile huwa najua nani ameachwa nje, na nikiwa na vijana huwaambia. Tusipokwenda sisi, nani atamtaja?

Makaburi nayatazama kwa muda mfupi. Muda wangu naupeleka kwingine. Kuna mtaa uitwao Poço dos Negros, Kisima cha Weusi, si mbali na makumbusho ya Custódia. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zinaachwa mitaani bila kuzikwa. Leo ni mtaa wa mikahawa. Hesabu ya mwaka 1551 ilikuta watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu 100,000, yaani mmoja katika kila kumi. Hao ndio waliobeba maji na kufua nguo za mji huo wa dhahabu, na wanastahili mtu atembee mtaa wao akijua.

Halafu nenda Largo de São Domingos, nyuma ya uwanja wa Rossio. Kanisa lake liliungua mwaka 1959, na nguzo bado zimebabuka kwa moto. Nje kuna mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu na wazawa wao, waliouawa na umati wa watu mwaka 1506, mwaka uleule Custódia ilipokamilika. Na kwenye uwanja huohuo, mchana wowote, utakuta wazee na akina mama wa Guinea-Bissau wamekaa, wengine wanauza kokwa za kola na vitu vya nyumbani, wanasalimiana kwa sauti. Weusi wa Lisbon walikuwa na udugu wao wa Rozari katika kanisa lile tangu enzi za utumwa. Nikifika hapo huwa naketi kwenye ukingo wa mawe, nanunua kola, naongea na aliye karibu. Pesa yako ukiitoa hapo, itakuwa imekwenda kwa mtu wa haki.

*

*Mwezi gani ni mzuri kwenda?*
Asiyependa baridi

Mei au Septemba. Julai na Agosti joto na watu vimezidi, na majira ya baridi yana mvua nyingi. Ukipenda shangwe, fika usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antoni: Alfama nzima huwa moshi wa sadini na watu hucheza hadi alfajiri. Ila chumba kiwekwe mapema, na tarehe 13 ni sikukuu ya mji, hivyo ratiba ya makumbusho iulizie kabla hujapanga lolote.